Kwa Nini Nyayo Nyingine Hazina Uvungu

Kabla vilima vya Upare havijapewa majina, watu wote walikuwa na nyayo bapa. Mfinyanzi aliyewaumba aliwasimamisha juani udongo ukiwa bado mbichi, basi uzito ukazididimiza nyayo zao. Waliokaa kitako hawakuona taabu. Aliyeiona taabu ni mkimbiaji, na mkimbiaji wa kijiji alikuwa Nakiete.

Enzi hizo maji ya kumwagilia yalikusanywa kwenye ndiva, bwawa la udongo lililoko mlimani, na kijiji kilichowahi kufika alfajiri ndicho kilichofungua maji. Nakiete ndiye aliyekimbia kwa niaba ya kijiji chake. Maskini, kila alipokanyaga, miguu ililalia ndani, vifundo vikavimba, magoti yakamuwaka moto. Msimu ule alichelewa mara kwa mara, maharage yakanyauka, na majirani wakaanza kusema ni mvivu. Mtu anakimbia huku analia, wao wanamwita mvivu! Ama kweli binadamu hana shukrani.

Mwishowe alijikongoja hadi mtoni kwa Mfinyanzi, akamwonyesha magoti yake. Mfinyanzi aliyashika, akaona haya. Akaahidi kupita kwa kila mtu, azilainishe nyayo kwa maji na kuziinua kwa kidole gumba upande wa ndani, zipate uvungu wa kudundia. Ila alitoa sharti.

"Mkishafinyangwa, laleni hadi jua lizame. Atakayesimama udongo ukiwa mbichi, nyayo zake zitarudi chini, nami sitaweza kuziinua tena."

Nakiete alifinyangwa wa kwanza. Akalala chali kwenye majani chini ya ndiva, na magoti yakatulia. Alifurahi hata akacheka peke yake. Kijiji kizima kikalala kandokando yake, wazee kwa watoto.

Jua lilipofika utosini, ukingo wa ndiva ukaanza kumeguka. Wote waliona. Ukingo ule ukipasuka, maji yangewazoa pale pale walipolala. Wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake. Nakiete alizitazama nyayo zake mpya, akalia, kisha akasimama. Akapanda hadi kwenye ufa, akauziba kwa mgongo wake, akabaki hapo mpaka jua likazama. Muda wote huo alizisikia nyayo zikishuka taratibu.

Jioni, wale waliomwita mvivu walimteremsha mabegani. Mfinyanzi alijaribu tena, lakini udongo ulikuwa umeshakauka. Hapo mama mkwe wake, aliyekuwa amemsema kuliko wote, akakunja maganda makavu ya mgomba, akayashonea ndani ya viatu vya Nakiete, pale uvungu ulipotakiwa kuwa.

"Mwanangu," akamwambia, "miguu hii ilitubeba. Sasa sisi tutaibeba."

Na tangu siku hiyo watu wengi wana uvungu chini ya unyayo, lakini wazao wa Nakiete huzaliwa na nyayo bapa, na wakikimbia sana miguu hulalia ndani, magoti yakauma. Kwa hiyo huku kwetu, mtu akiacha alama ya unyayo mzima kwenye tope, hatumcheki. Tunamuuliza kama viatu vyake vina maganda. Akisema havina, aliyeuliza huketi chini akamkunjia.