Tope la Gari la Maziwa

"Ukienda kwa fundi, nenda na tope lako." Mmenisikia nikimwambia hivyo Ambakisye, aliyekwenda kwa daktari na shati la pasi, akaulizwa hali, akajibu "sijambo," akarudi na kikohozi chake. Sasa mnataka asili yake. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwepo.

Akina mama wa hapa Rungwe tulikuwa na gari kuukuu la kupelekea maziwa mjini, likiendeshwa na Tusekile. Kwenye barabara yetu ya udongo lilikwenda vizuri. Likishika lami na kufika kasi ya sabini, lilitetemeka mpaka meno yakagongana, na maziwa yakafika na mabonge ya siagi. Mnunuzi akatuonya: yakija tena hivyo, msiyalete. Maziwa yale ndiyo yaliyowasomesha wazazi wenu.

Tulilipeleka kwa fundi Anyosisye. Lakini sisi tulilelewa hivi: mgonjwa huogeshwa kabla ya kupelekwa hospitali. Tulipofika kwenye lami tulilisugua gari mpaka uvunguni, likang'aa kama bibi harusi. Fundi akaliendesha, limetulia. Akakaza hiki, akabadilisha kile. Tukarudi kwa njia yetu ya tope, na kesho yake mtetemo uleule. Tukaosha tena, tukapeleka tena. Wengine wakaanza kunong'ona habari za uchawi.

Asubuhi moja lilipoanza tu kutetemeka, Tusekile alikata kona hadi gereji, maziwa yakiwa ndani, nami kando yake nimejifunika uso kwa aibu.

"Utusamehe, baba, tumekuja wachafu," akasema.

"Leo ndiyo mmekuja!" akajibu fundi. Akalala chini, akachungulia nyuma ya magurudumu. "Mama, njoo uone. Tope limekaukia ndani ya rimu, upande mmoja. Upande huo ukiwa mzito, gurudumu likienda kasi linalitikisa gari zima. Nanyi kila mara mnauosha ugonjwa kwanza, ndipo mnaniletea!"

Akalikwangua kwa bisibisi. Tukashika lami: sabini, themanini, kimya. Tusekile aliendesha huku analia, akisema, "Ndaga fijo, fundi, asante sana," ingawa fundi tulishamwacha nyuma. Maziwa yakapokelewa, na hayakukataliwa tena.

Mpaka leo namwombea Anyosisye heri. Hata tope lile nalishukuru. Kwa hiyo kesho, Ambakisye, rudi kwa daktari, ukae mbele yake, ukohoe. Ukienda kwa fundi, nenda na tope lako.