Daftari la Tunu

Tunu alikuwa mpangaji kwenye ghala la Shebe, tajiri wa maboksi ya keki, naye Tunu akiuza maboksi hayo hayo kidogo kidogo. Siku moja Shebe akamwambia, "Nipe majina ya wateja wako, au uhame leo."

Tunu akabembeleza weee, mwisho akatoa daftari shingo upande. "Hawa ndio ninaowahangaikia usiku na mchana."

Wiki nzima Shebe akawapigia simu, akatangaza redioni, akabandika karatasi kwenye kila bekari: "Achaneni na maboksi ya Tunu."

Ijumaa akarudi anafoka. "Wateja wako wote wananiuliza namba yako."

"Si wateja wangu, bwana. Hao hawakuwahi kunifungulia mlango. Sasa bila shaka wanasema, ikiwa Shebe mzima anamhofia Tunu, maboksi yake si mchezo." Akamfunulia daftari. "Wa Pangani wako ukurasa wa nyuma. Hujawapigia."