Jina la Mtoto wa Stesheni

Sogeeni karibu, na mwenye akili ya kukata mashauri aje nayo, maana mimi yangu imenishinda.

Pale Ilomelo walikuwapo watu watatu. Kapela alikuwa mwashi, ukuta wake haukupinda. Ngasa alikuwa seremala, ubao ulimtii. Nyamizi alikuwa mkunga, nusu ya kijiji ilipokelewa na mikono yake. Vipaji vitatu, msiba mmoja. Kapela alifiwa na mkewe, Kalunde. Ngasa alifiwa na dada yake, Mbuke. Nyamizi alifiwa na binti yake wa pekee, Kashindye. Wote walikufa kwa uzazi, wakipelekwa kwa baiskeli hospitali ya mbali.

Treni ilikuwa imeacha kusimama Ilomelo, na stesheni imebaki ya popo na mbuzi. Walipotoka kumzika Kashindye, Kapela akasema, "Jengo limekaa bure, na wake zetu wanafia porini. Tulifanye nyumba ya kuzalia."

Akaziba nyufa, akaezeka bati upya na kulikaza kwa waya. "Kalunde alikata roho akinyeshewa," alisema. "Humu halitaingia tone."

Ngasa akafumua mabenchi ya abiria, akaunda vitanda vinavyoinuka upande wa miguu. "Mbuke alivuja damu miguu ikining'inia. Humu mtu atalazwa kama mtu."

Nyamizi ndiye aliyekuwa mgumu. Kashindye alimfia mikononi huko njiani, naye akaapa kutozalisha tena. Walimbembeleza wee! Mwishowe akaja, akalia kwanza kwenye dirisha la tiketi, kisha akapanga dawa zake papo hapo.

Wa kwanza kujifungua humo alikuwa Holo, kibarua wa mashambani, mgeni asiye na mume wala ndugu. Siku hiyo upepo na mvua ya mawe viling'oa mapaa kijiji kizima, lakini la stesheni alilolikaza Kapela halikutikisika. Damu ikamtoka Holo kwa wingi, kitanda cha Ngasa kikainuliwa. Nyamizi akahangaika naye mpaka damu ikakatika. Akazaliwa mtoto wa kike.

Sasa sikieni desturi yao. Marehemu asiye na wa kumrithi jina husahaulika, na Kalunde, Mbuke na Kashindye hawakuacha mtoto, maana wachanga wao walikufa nao. Mtoto naye hubeba jina la marehemu mmoja tu, maana wawili watamgombania. Na kila ukoo una wafu wake wa kuwakumbuka. Ni huyu wa Holo pekee, asiye na ukoo, ambaye jina lake lilikuwa wazi.

"Nitampa jina la marehemu wa aliyeniokoa," Holo akasema.

"Mpe la Kalunde," Kapela akaomba. "Sauti yake nimeanza kuisahau, Holo."

"Mbuke alinilea tulipofiwa na mama," akasema Ngasa. "Sina kingine cha kumlipa."

Nyamizi naye akasema, "Mwanangu hakuacha hata picha. Nikifa mimi, nani atamtaja?"

Kila mmoja aliujua uchungu wa mwenzake. Inauma, jamani. Walijenga pamoja bila ugomvi, na sasa hawawezi kutazamana.

Leo ndiyo siku ya kumnyoa mtoto na kumpa jina. Maji yamepoa, wembe uko mkononi mwa Nyamizi. Holo ameshamkalisha mtoto mapajani.

"Basi niambieni," anasema, "nimwite nani?"

Nami nawauliza ninyi mlionisikiliza: wewe ungemwita nani? Na wale wawili watakaobaki, ungewaambia nini?