Miaka Miwili ya Kuanguka

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana viatu vya mpira vilikuwa vinauzwa mitumbani, walikuwepo wasichana wawili katika mji mdogo wenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mmoja aliitwa Minza, mwingine Holo. Walikuwa marafiki.

Kocha wao, Luhende, alifundishia nyuma ya kiwanda, kwenye uwanja ambao nyuzi za pamba hunasa kwenye soksi. Alipanga makopo ya rangi, hatua mbili kati ya kopo na kopo, watoto wakapita katikati na mpira.

"Gusa fupi! Macho juu! Mpira unautazama wa nini, utakukimbia?"

Walipoyazoea makopo, akawapanga wawili wawili, mmoja na mpira, mwenzake beki. Chenga ya kwanza ilikuwa hii: dondosha bega la kushoto, beki afuate bega, wewe uchukue mpira kwa upande wa nje wa mguu wa kulia, upite.

"Wiki mbili za mwanzo," akasema, "beki akubali kupitwa. Fuata bega, anguka ukiweza. Mtoto akishindwa leo, kesho haji."

Hapo sikilizeni vizuri, kesi yote imelala hapo. Alisema wiki mbili. Wiki mbili zikaisha, naye hakusema, "Sasa basi." Alisahau.

Jozi nyingine ziliacha zenyewe, maana watoto wanapenda kushinda. Holo hakuacha. Minza kila akipita alicheka, na Holo hakutaka kicheko kile kiishe. Masika: bega, Holo chini, Minza huyo. Kiangazi: bega, Holo chini, Minza huyo. Miaka miwili. Wafanyakazi wa kiwanda wakawa wanakuja kutazama, wakampa Minza jina la Sabuni. Mama yake akanunua sanduku la bati la kwendea shule ya bweni, kabla shule yenyewe haijaonekana.

Kisha akaja mgeni, Bi. Tekla, kutoka shule ya bweni inayofundisha soka. Alikuwa na nafasi moja, bila ada. Atakayeikosa, masomo yake yameishia hapo. Akawapima watoto kwenye makopo, akawachuja, wakabaki Minza na Holo.

"Mara tano," akasema. "Minza upite. Holo uzuie."

Mara ya kwanza: bega. Holo alifanya alichofanya siku zote, akaliona bega kabla halijashuka, akajua mpira unakwenda wapi. Ila safari hii hakuanguka. Akauchukua mpira. Mara ya pili: bega, akauchukua. Mara ya tatu: bega, akauchukua. Mara ya nne Minza alipomkaribia akanong'ona, midomo haifunguki:

"Anguka basi."

Holo akauchukua mpira, akasimama nao, akamwuliza:

"Kumbe ulikuwa unajua?"

Mara ya tano haikuwepo. Minza alikaa chini.

"Huyu beki hadanganyiki," akasema Bi. Tekla. "Na huyu ana miguu mizuri, ila hajawahi kuzuiwa. Anarekebishika. Kocha, mimi nimewaona asubuhi moja, wewe miaka miwili. Andika jina moja."

Minza akainuka. "Nilijua tangu mwaka jana. Siku moja alianguka kabla sijadondosha bega. Ningesema nini, na nyinyi wote mnanipigia makofi? Hilo jicho mnalolisifu kalipatia miguuni kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa kopo lake la rangi! Angesimama siku moja tu, ningetafuta chenga nyingine. Kanifuga miaka miwili, leo kanichinja."

Holo akapandisha sketi hadi kwenye makovu. "Magoti haya ya nani? Nimeanguka mimi, Sabuni ukaitwa wewe. Ulijua, ukaniacha nianguke. Hata siku moja hukusema, 'Holo, simama.' Leo ndiyo umefungua mdomo, na neno lenyewe ni 'anguka'."

Mama Minza, aliyekuja kutazama, akamgeukia kocha. "Na wewe ulikuwa wapi na hiyo filimbi?"

"Mama Minza, mimi nilisema wiki mbili."

"Uliwaambia waanze. Uliwaambia waache?"

Kocha akasema kwa sauti ndogo, "Nisiandike jina lolote, basi. Kosa ni langu."

"Kosa lako," akasema Holo, "na adhabu tupewe sisi?"

Gari la Bi. Tekla likapiga honi. Wale wasichana hawakuwa wanatazamana tena. Kalamu iko mkononi mwa kocha, karatasi iko juu ya kopo, na ina mstari mmoja tu.

Haya, nyinyi mliotulia kimya kama vile hayawahusu: kati ya wale wawili, nani alistahili kuandikwa? Na kocha yule, je, alistahili kushika kalamu?