Namsifu na Leseni ya Jiko

Siku ile ofisini walikuwepo watu wanne: Profesa Mgonja, aliyebuni jiko la udongo lisilotoa moshi, Nakijwa, mfinyanzi aliyelifinyanga pamoja na wenzake kijijini, tajiri Kiangi, mwenye kampuni ya maduka, na Namsifu, karani wa leseni za chuo kikuu, ambaye alimmiminia Nakijwa chai kabla ya tajiri.

"Jiko hilo nalitaka liwe langu peke yangu," alisema Kiangi. "Hao wafinyanzi warudi kulima."

Nakijwa aliinamisha kichwa. Udongo ule ndio uliowalisha watoto wao.

"Leseni ina haki mbili, bosi," alisema Namsifu kwa upole. "Kutengeneza na kuuza madukani. Chuo hakimpi mtu mmoja zote. Wewe chukua kutengeneza, kuuza utuachie sisi wanyonge."

"Unaniona mjinga, dada? Mimi nichafuke udongo, ninyi mshike soko?"

"Basi kuuza tugawane, kaka yangu."

"Hatugawani. Kuuza ni kwangu. Kutengeneza wape hao, wachafuke wenyewe."

"Wao peke yao?" aliuliza Namsifu kinyonge.

"Peke yao. Andika."

Namsifu aliandika huku akishusha pumzi. Profesa alitia saini, na Kiangi akatia yake huku akicheka. Alipofika mlangoni alisimama.

"Sasa majiko yenyewe nitayapata wapi?"

Namsifu alimvutia kiti kando ya Nakijwa.

"Keti hapa, bosi. Umwombe vizuri."

Tangu mwaka ule lori la Kiangi hufika kwa wafinyanzi kila Jumatatu, na bei hupanga wao.