Gunzi la Ngiri Sekiete

Nina ngano, ndugu zangu mliozunguka moto.

— Ilete, tumeitengea nafasi.

Ije mbio au ije taratibu?

— Ije taratibu, lisitupite hata neno.

Basi sogeeni.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na mashamba yao, walitegemea chemchemi moja tu wakati wa kiangazi, nayo iliitwa Kwemazi. Waliigombania. Walichomana pembe, walichomana meno, walichomana miba, na wengi walikufa kando ya maji bila kuyanywa. Mwishowe wakakubaliana: kila mwaka, mvua zikikatika, washindane mieleka. Ukoo wa mshindi utakunywa kwanza kila siku, maji yakiwa safi. Ukoo wa atakayetolewa mapema kuliko wote utakunywa mwisho, yakiwa tope.

Na kwa kuwa walichoka kuzikana, wakaweka desturi ya kufunga silaha. Nyati alivikwa vibuyu kwenye pembe. Chui alifungwa makucha kwa majani. Nungu, ambaye wengine humwita nungunungu, alizungushiwa maganda ya mgomba mpaka miba yake ikalala. Ngiri alichomekwa magunzi ya mahindi kwenye meno. Korongo, jina lake Mdoe, ndiye aliyekuwa mwamuzi, na alikagua kila fundo kwa mdomo wake mrefu.

Desturi ya pili ilikuwa hii. Mshindi humwinua aliyeanguka, humpangusa mchanga mgongoni, humwambia, "Asante, umenipa mchezo." Naye aliyeanguka hujibu, "Asante, umenirudisha salama." Asiyesema hivyo hakuhesabiwa kuwa ameshinda.

Ngiri wa ngano hii aliitwa Sekiete. Nasema ngiri, sisemi nguruwe mwitu. Hao ni wanyama wawili. Kiangazi kilichotangulia ukoo wake ulikunywa mwisho, na mtoto wake mmoja akafa, tumbo limejaa tope. Sasa mkewe, Nakiete, alikuwa na wengine wachanga. Walipokuwa wakienda uwanjani alimwambia mumewe kwamba yeye hataki sifa, anataka maji tu.

Nyani akapiga ngoma, wanyama wakaimba:

Shika, inua, laza.
Shika, inua, laza.

Wa kwanza kukutana na Sekiete alikuwa Pofu, yule swala mkubwa. Akamshika, akamwinua, akamlaza. Akampangusa mgongo. "Asante, umenipa mchezo." "Asante, umenirudisha salama."

Wa pili alikuwa Fisi, ambaye hakuacha kusema. "Bwana Ngiri, magunzi hayo ni ya nini? Mahindi yenyewe umeyala njiani?" Wanyama wakacheka, na Sekiete naye akacheka. Kisha akamshika, akamwinua, akamlaza. Akampangusa mgongo. "Asante, umenipa mchezo." Fisi akatema mchanga, akasema kwa sauti ndogo, "Asante, umenirudisha salama."

Wa tatu na wa mwisho alikuwa Nungu, jina lake Shekue. Mfupi, mzito, mgumu kushikika kwa yale maganda ya mgomba. Walisukumana mpaka vumbi likawaficha. Korongo akanyoosha shingo asione kitu.

Ndani ya vumbi hilo Sekiete alimwinua Nungu. Bado kumlaza tu. Hapo akahisi upepo kwenye jino lake la kulia. Gunzi lilikuwa limechomoka, na ncha ya jino ilikuwa imegusa tumbo la Nungu, mahali pasipo na miba.

Hakuna aliyeona isipokuwa wao wawili. Akimlaza, jino litamchoma tumboni.

Sekiete akamshusha polepole, akarudi nyuma, akamwita mwamuzi.

"Jino langu liko wazi," alisema.

Vumbi likatulia. Ndugu zake wakampigia kelele kwamba angemaliza kwanza ndipo aseme. Nakiete aliwakumbatia watoto wake, akatazama chini. Korongo akaliokota gunzi, akalirudisha, akaliminya mpaka likakaza. Muda wote huo Sekiete alikuwa amempa Nungu ubavu, naye Nungu hakumgusa. Alingoja mikono nyuma.

Ngoma ikalia tena. Lakini Sekiete alikuwa amemaliza nguvu kwa kumwinua Nungu, na Nungu alikuwa amepumzika. Nungu akaingia chini ya kifua chake. Akashika, akainua, akalaza.

Nungu akamwinua Sekiete, akampangusa mchanga mgongoni, akampangusa tena palipokuwa safi tayari. Alichelewa kusema, mpaka Korongo akamkumbusha.

"Asante, umenipa mchezo," alisema Nungu. "Na hilo jingine pia, asante. Nina watoto kama wewe."

"Asante, umenirudisha salama," alijibu Sekiete.

Kisha Korongo akatangaza kwamba ukoo wa Nungu ndio utakaokunywa kwanza, akamuuliza mshindi ataanza saa ngapi. Kuchagua saa ilikuwa haki ya mshindi, na kila mwaka washindi walichagua alfajiri.

"Sisi tutakunywa usiku," alisema Nungu, "wengine mkiwa mmelala. Alfajiri iko wazi, maji yakiwa yameshatulia. Wapeni akina Sekiete."

Wazee wa Nungu wakanung'unika kwamba usiku kuna baridi na giza. Shekue akawaambia kwamba kama si yule Ngiri, usiku huo wangekuwa matangani kwake. Wakakubali, mmoja baada ya mwingine.

Sekiete akataka kushukuru. Akatafuta neno, hakulipata. Akatafuta tena, hakulipata. Mara ya tatu akaacha kutafuta, akapiga magoti ya mbele mchangani, mdomo ukagusa chini. Nakiete akapiga magoti kando yake, na watoto wakaiga wazazi.

Kulipopambazuka walikunywa maji safi hivyo hivyo, wamepiga magoti. Ndiyo maana nungu hutoka usiku mpaka leo, na ngiri akila majani hupiga magoti.

Ngano yangu imefika kwenu, ipokeeni. Nanyi mtakaoshindana, jueni kwamba anayesimama mbele yako kushindana nawe amekupa kitu, ushinde usishinde. Mrudishe kwao salama, na umshukuru.

Na kama yupo anayesema ngiri hupiga magoti kwa sababu shingo yake ni fupi, aende akamuulize mwenyewe. Mimi nitamngojea hapa. Siku hizi ngiri hawavai magunzi.