Nyati na Ufa Uliofunikwa Majani

Paukwa!

"Pakawa!"

Sauti gani hiyo? Mmekula kweli? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, sasa nimewasikia. Watoto sogeeni mbele. Nanyi wakubwa mnaosimamia wenzenu kazini, msijifanye mmesinzia. Hii ni yenu pia.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wakifanya kazi kwa zamu, palikuwa na bonde kavu. Kavu hasa! Wanyama wakakubaliana wajenge bwawa, mvua ikinyesha wakinge maji. Ngiri wakachimba udongo. Nyani wakabeba mawe. Nyati akakanyaga tuta lishikane: pwata, pwata, pwata. Alikuwa na nguvu, na mvivu hakuwa. Wakamfanya mkubwa wa kazi.

Sasa, Nyati huyu alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi wote hupanga mstari mbele ya kichuguu. Aliyekosea jana hupandishwa juu. Hutaja kosa lake. Kisha wenzake humwimbia mara tatu:

"Huyo! Huyo! Mtazameni huyo!
Kosa lake, aibu yake, huyo!"

Fisi ndiye aliyeimba kwa nguvu kuliko wote, mradi juu asiwe yeye.

Nyati alidhani anawafunza. Kweli alidhani hivyo, tusimsingizie. Lakini wao walijifunza jambo moja tu: kuficha. Tuta likipata ufa, aliyeuona huleta majani, hufunika, hupaka tope juu, huondoka akipiga mluzi. Ule msemo wa ufa na ukuta mnaujua, sina haja ya kuwachosha.

Fuko peke yake ndiye aliyesema. Alijua udongo kuliko wote. Mwaka wa kwanza alisema, "Mkubwa, udongo mbichi. Tungoje siku tatu ukauke." Nyati hakungoja. Mvua ikaja. Puuu! Tuta likapasuka, maji yakaenda.

"Mkubwa, si nilisema?"

Weee! "Ulijua, halafu ukasema mara moja tu? Panda kichuguuni!"

Fuko akapanda. Akaimbiwa. Akashuka, akafunga virago, akaenda zake.

Mwaka wa pili tuta likajengwa upya. Mvua ikaja. Puuu! Likapasuka tena. Bata nao wakahama.

Na kila tuta likipasuka, wanyama huenda kunywa Mto wa Mamba, mwendo wa siku saba. Nyati alikuwa na mama yake, ajuza wa watu, magoti yamechoka. Safari ya pili alianguka mara nne. Waliporudi na kujenga tuta la tatu, akamwita mwanawe.

"Mwanangu, sikufichi. Safari ya tatu siiwezi. Bwawa likivunjika tena, mtaniacha njiani."

Nyati akalia. Ndiyo, nyati hulia, mnashangaa nini?

"Mama, nimewakemea. Nimewaadhibu. Nifanye nini tena?"

"Nenda kwa Shashi."

Shashi ni yule ndege mdogo anayekaa mgongoni mwa wanyama akiwatoa kupe. Lakini Shashi huyu alikuwa na kazi nyingine. Wakubwa waliokwama walimwita awasaidie kujitazama. Kifaru alimwita. Kiboko alimwita. Basi Nyati akaenda.

"Hodi, Bi Shashi."

"Karibu, Bwana Nyati."

"Nieleze, hawa wavivu wangu niwafanyeje?"

"Hilo silijui. Mimi sikuambii la kufanya. Nitakaa mgongoni mwako siku saba, nitatazama, kisha nitakuuliza."

"Kuuliza tu? Maswali yanaziba maji?"

"Tutaona."

Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita, kimya. Siku ya saba Shashi akafungua mdomo.

"Bwana Nyati, ukifika kazini, wenzako hufanya nini?"

"Hunyamaza. Wana adabu."

"Ukiondoka?"

"Nitajuaje, nami nimeshaondoka?"

Shashi akacheka kidogo. "Mara ya mwisho, nani alikuletea habari mbaya?"

Nyati akafikiri. Akatafuna majani, akafikiri tena. "Fuko."

"Ukamfanyaje?"

"Nilimpandisha kichuguuni."

"Tangu hapo?"

"Tangu hapo hakuna habari mbaya."

"Hakuna habari mbaya, au hakuna anayezileta?"

Nyati akakaa chini, pu! Wahenga walisema nyani haoni kundule. Kumbe na nyati naye.

"Basi ni mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye ninayemuua mama yangu kwa safari." Aibu ilimshika, maskini. "Nifanye nini kesho?"

"Wewe waonaje?"

Nyati akapumua kwa hasira, fuuu! Akafikiri. Akajua.

Asubuhi wote wakapanga mstari, mikia chini. Nani leo? Nyati akapanda kichuguuni mwenyewe. Kichuguu kikalia kre, kre.

"Wenzangu, mwaka wa kwanza Fuko alinionya, sikumsikia. Tuta lile nililivunja mimi. Na Fuko nilimwonea."

Halafu Fisi, mazoea yana taabu jamani, akaropoka, "Huyo! Huyo! Mtaza..." Akajiziba mdomo.

Pua za Nyati zikafura. Pembe zikashuka. Shashi akamdonoa sikio: do! Nyati akavuta pumzi.

"Imba, Fisi, umalize. Nastahili. Lakini wimbo huu mwisho leo. Hapandishwi mtu hapa tena. Sasa, nani ana neno la kuniambia?"

"Mtego huo," Nyani akanong'ona. Jua likapanda kidogo. Nyati akangoja. Akangoja. Mwishowe Ngiri akajitokeza.

"Mkubwa... upande wa mashariki kuna ufa. Niliufunika majani. Mwezi wa pili huu."

Mwezi wa pili! Nyati alimwona mama yake akilini, akianguka njiani. Lo, alitaka kufoka!

"Asante, Ngiri," akasema. "Twende ukanionyeshe."

Wakafunua majani, chaka chaka chaka. Ufa mpana wa kuingia kwato! Nyani akakohoa. "Na hapa pia, Mkubwa." Fisi naye akajikuna. "Na pale. Na pale." Kumbe mwimbaji wetu alificha nyufa mbili!

Nyati akakimbia mpaka shimoni kwa Fuko. "Fuko, nilikuonea. Nisamehe."

"Sema tena," Fuko akajibu kutoka ndani.

"Nilikuonea!"

"Wewe uliwafanya waniimbie mara tatu."

"Nilikuonea, ndugu yangu!"

Fuko akatoka, wakaenda pamoja kwenye tuta. Akaonja udongo. "Zibeni leo. Kisha siku tatu asikanyage mtu."

Wakaziba, pwata, pwata, pwata. Mawingu yakajikusanya milimani. Siku ya kwanza, Nyati akangoja. Ya pili, mawingu yakasogea, akangoja. Ya tatu, ngurumo, akangoja.

Mvua ikashuka! Shaaa! Maji yakajaa bondeni, yakapanda tuta, yakafika juu. Wanyama wote wamesimama ukingoni, masikio wima, wanasubiri ile "puuu".

Haya, tegeni masikio nanyi. Mnasikia nini?

Hamsikii kitu. Nao hawakusikia kitu!

Walishusha pumzi bonde zima. Ngiri akalia. Fisi akamkumbatia Fuko, na Fuko akamwacha amkumbatie. Mama Nyati akateremka polepole, hatua ishirini tu kutoka nyumbani kwake, akainamisha kichwa, akanywa. Nyati akasimama kando anamtazama. Ajuza akainua kichwa, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Mwanangu," akasema, "nimeshiba."

Basi jueni hili: mkubwa akiwaaibisha wanaokosea, makosa hayaishi, yanajificha mpaka siku ya mafuriko. Na mkubwa naye hufundishika, akikubali kuulizwa.

Ngano yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aende nayo nyumbani, na aliyeguswa anywe maji apoe.